Chini Kuna Mtu?

Siku ya kuniaga mlinipa kipaza sauti, na kabla sijamaliza kusema "ndugu zangu" umeme ukakatika. Nikakaa, nikala keki, nikacheka mpaka kilemba kikalegea. Baadaye vijana wa kituo cha injini mkanifuata, mkaniomba niandike yale niliyotaka kusema. Basi haya hapa. Vyeo nimeviacha, havina utamu, na mshahara wa kiwanda chetu kila mtu anaujua. Nitaandika juu ya kandambili, kofia ngumu, cheni, na mtu mmoja aliyenipandisha presha tangu siku yangu ya kwanza. Nimestaafu juzijuzi tu, na hadi leo nikitaka kuipua sufuria ya wali nauliza kwanza kwa sauti kubwa kama chini kuna mtu. Wajukuu wangu wananyanyua mikono yote miwili na kunijibu. Majirani zangu hapa Rahaleo wanadhani uzee umeanza kunichezea.

Ninyi mmekikuta kiwanda kina sakafu iliyopigwa rangi na winchi ya umeme inayolia na kumulika taa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kilikuwa banda moja la bati, jirani na bandari. Malori yalikuja na meli yakiwa vipande ndani ya makasha: chesi kivyake, injini kivyake, kebini kivyake. Barabara ya kwenda Dar es Salaam wakati wa masika ilikuwa ya kumwombea dua anayeipita, kwa hiyo tajiri wetu aliona bora lori lishuke Mtwara likiwa vipande, tuliunge hapahapa, lianze kubeba korosho. Chesi tuliisukuma kwa mikono kutoka kituo hadi kituo. Kituo cha mwisho ndipo kebini iliponing'inizwa kwa cheni bloku, ile ya kuvuta kwa mkono, kisha ikashushwa juu ya chesi. Bati lilipopata moto saa sita mchana, aliyesahau spana juu ya meza aliikamata kwa upindo wa shati.

Mimi ni Zaituni Bwanali, Myao wa Masasi, niliyeletwa Mtwara na ndoa. Niliajiriwa kushona viti vya kebini na maturubai ya kufunikia mizigo. Siku ya kwanza nilifika na khanga nzuri na kandambili mpya, nikiogopa kuonekana mshamba. Nikakuta banda zima limevaa kandambili. Mchomeleaji naye alikuwa na zake. Cheche zikimwangukia vidoleni anaruka mguu huu, anaruka ule, bila kuacha kuchomelea, na wenzake wanampigia makofi kwa mdundo wa sindimba. Nikajiambia kwamba hapa nimefika.

Kisha nikapita kituo cha mwisho. Kebini nzima ilikuwa hewani, inazunguka polepole, na chini yake, katikati ya chesi, ilichomoza miguu miwili ya mtu aliyelala chali akiimba wimbo wa kanisani.

"Huyo chini ni nani?" nilimuuliza Hamisi, seremala wa Kimakua aliyepewa kazi ya kunitembeza.

"Fundi Akwilini. Ndiye aliyetufundisha kazi sisi sote."

"Na cheni ikikatika?"

Hamisi akaniangalia kwa huruma. "Cheni yake anaijua mwenyewe," akasema.

Wimbo ukakoma. "Ntu gani huyo anaitabiria mabaya cheni yangu?" sauti ikauliza kutoka chini.

Lafudhi ile ya Newala niliitambua palepale, na moyo wangu ukafurahi, maana Wamakonde na sisi Wayao ni watani. Mtani humwambia mtani wake neno ambalo hata mkewe hathubutu kumwambia, na anayeambiwa haruhusiwi kununa. Nikainama. "We Mmakonde," nikasema, "panya wa Newala wamekwisha, ndiyo umeingia shimoni kuwatafuta huku? Toka kabla kebini haijakufanya chapati."

Spana zilinyamaza banda zima. Hamisi akafumba macho. Halafu kikatoka kicheko chini ya chesi, kinene, kikaamsha vicheko vingine kila pembe. "Myao kaingia kiwandani," sauti ikasema. "Kazi imekwisha, sasa itakuwa ngoma tu." Akajivuta nje, mzee mfupi mwenye ndevu za mvi na grisi hadi masikioni, akanipa kiwiko nikishike kwa kuwa viganja vilikuwa vichafu.

Fundi Akwilini Nandonde alijifunza ufundi ujanani kwenye karakana ya wamisionari, na alikuwa na subira ya mtu aliyefundishwa na watu wenye subira. Mimi nilikuwa mshona viti, lakini aliponiona nachungulia alinipa spana. Alinifundisha kukaza nati kwa kuisikiliza, kuacha pale inapotoa mlio wa kushiba, na kutoiamini nati iliyokazwa na mtu mwenye hasira. Alinifundisha kunusa breki. Alinitania kwamba Wayao wakisikia ngoma ya unyago hata maiti wanamwacha njiani, nami nikamjibu yanayojibika. Nilimpenda mzee yule. Naandika hivyo wazi kwa sababu mengi yanayofuata yatafanana na ugomvi.

Hali ya kazi siku zile ingewachekesha na kuwaliza kwa pamoja. Mpaka rangi alipulizia kebini bila kitu puani, na akipenga kamasi unajua leo lori ni la bluu. Dawa yake ilikuwa maziwa; tuliamini glasi ya maziwa inasomba rangi yote kifuani, na kila mtu alidai yake, hata mlinzi wa geti ambaye rangi aliiona kwa mbali tu. Wachomeleaji waliopigwa na mwanga machoni walidondoshewa maziwa ya mama. Mke wa mlinzi alikuwa ananyonyesha, na sidhani kama kuna mwanamke Mtwara aliyewahi kusalimiwa kwa heshima kama yule. Shikamoo zilimfuata hadi sokoni.

Meneja wetu, Bwana Elia, Mpare wa Same, alikuwa mtu mwema mwenye usingizi mwembamba. Alipigania vifaa vya usalama mpaka vikaja, kasha zima: kofia ngumu za njano, buti zenye chuma mbele, miwani, glovu. Siku ile tulifurahi kama watoto wa Idd. Wiki iliyofuata alipita kukagua akakuta buti hazipo, zimewekwa nyumbani kwa ajili ya kanisani na msikitini. Glovu moja alikuwa ameivaa mke wa mtu akipalia mihogo. Kofia ngumu moja ilikuwa na ming'oko ya moto ndani, vile viazi vya porini vya kuchemsha, ya Mama Somoe aliyekuwa akituuzia pale getini, na nyingine ilikuwa na kuku anaatamia. Bwana Elia alimtazama yule kuku, kuku akamtazama, na ninaapa meneja ndiye aliyeondoka kwanza.

Tatizo halikuwa ujinga. Watu walimtazama Fundi Akwilini, na Fundi Akwilini alivaa kandambili. Angevaa buti yeye, banda lote lingevaa. Lakini nani amwambie? Kila fundi pale alifundishwa na yeye, na mtoto hamkemei mzazi. Bwana Elia mwenyewe alikuwa mdogo kwake kwa umri. Alimwamkia asubuhi na kisha akashindwa kumwamrisha mchana. Fundi alikuwa akisema, "Ndiyo, Bwana Meneja," anavaa miwani, meneja akigeuka miwani inarudi mfukoni.

Halafu ekseli ikamwangukia Hamisi mguuni. Ilitoka kwenye jeki, na Hamisi alikuwa na kandambili. Alipona, lakini vidole viwili vilibaki hospitali. Aliporudi alitangaza kwamba sasa viatu vyake vitakuwa vya bei nafuu kwa kuwa vinabeba vidole vichache, tukacheka kwa sababu yeye alitaka tucheke. Usiku ule sikucheka. Nilikuwa nikimfikiria mzee Akwilini chini ya kebini na miguu yake iliyochomoza, nikajua kwamba ikianguka kwake hatutapeleka hospitali vidole. Kuanzia hapo nilitaka jambo moja tu kazini, yule mzee astaafu akiwa mzima.

Nilimwendea Bwana Elia na kumwambia kwamba anayeweza kumkemea Fundi ni mtani wake. Bwana Elia alifikiri kidogo, kisha akacheka peke yake, kitu ambacho hatukuzoea. "Na mimi nani atanikemea?" akauliza. Nikamwambia mtunza stoo ni Mchaga, na Wachaga na Wapare ni watani. Akaacha kucheka, lakini akakubali.

Hivyo ndivyo usalama ulivyoanza katika kiwanda chetu. Kila mtu aliwekewa mtani wake kama mlinzi. Ukikutwa bila miwani, glovu au kofia, mtani wako anachukua chakula chako na kukila mbele yako, huku akikusimulia utamu wake. Huruhusiwi kununa, kununa ni kosa la pili. Mimi nilikula chakula cha Fundi Akwilini siku tatu mfululizo, ugali wa muhogo na samaki wa nazi, mkewe alikuwa na mkono mtamu kuliko wote. Siku ya nne alikuja na miwani usoni, glovu mkononi, na bakuli kubwa zaidi ya kawaida. Akala lote mwenyewe akiniangalia, kisha akaninyang'anya mkasi wangu kwa sababu nilikuwa nashona bila subana kidoleni. Haki yake. Mtunza stoo naye alikula mikate yote ya Bwana Elia kwa kosa la kupita chini ya kituo cha kebini bila kofia, na banda lilipiga vigelegele.

Sheria ya pili ndiyo ile mnayoifuata mpaka leo bila kujua ilikotoka. Kabla kitu chochote kizito hakijashushwa, anayeshika cheni anauliza, "Chini kuna mtu?" Haijibiwi kwa niaba ya mwingine. Kila aliye kituoni ananyanyua mikono miwili na kujibu mwenyewe, "Niko juu." Fundi Akwilini aliipenda sana, nadhani kwa sababu ina kaimbo ndani yake. Alijitengea nafasi ya kujibu mwisho. Wote tukishajibu, kinapita kimya kidogo, kisha yeye anavuta kutoka tumboni, "Niko juuu," na hapo ndipo cheni inaguswa. Mgeni angedhani tuko kwaya.

Tukaizoea mpaka ikatoka nje ya geti. Kila lori jipya tulilijaribu kwenye mchanga wa njia ya Kitaya, hadi kule mto Ruvuma, na mimi nilikwenda kusikiliza viti kama vinalia. Safari moja dereva aliliegesha kijijini, tukala samaki wa mtoni, tukarudi tukiwa wazito. Dereva akapanda, akashika ufunguo, akauliza kwa mazoea, "Chini kuna mtu?" Wakatoka chini ya lori wazee wenye bao lao, walioona kivuli kizuri na kuhamia, na nyuma yao mbuzi. "Mmoja bado," akasema mzee mmoja, "amelala." Tukamwamsha. Dereva alitetemeka njia nzima ya kurudi, nami niliimba njia nzima ya kurudi.

Pamoja na hayo yote, mazoea mawili Fundi Akwilini hakuyaacha. Buti alivaa siku za ukaguzi tu, na bolti ikikataa kukaa kwenye tundu lake, aliingia chini ya kebini ikiwa bado hewani ili kuilenga kwa nondo. Njia halali ilikuwa kushusha kwanza juu ya magogo, ndipo mtu aingie. Magogo yalikuwa nyuma ya stoo, mazito, yanapoteza muda. Nikimtania anatoka. Nikigeuka anaingia.

Sasa nifike siku yenyewe. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeanza, kiwanda kimekua, na msimu wa korosho ulikuwa mlangoni. Tajiri wetu alikuwa anakuja na ndege kutoka Dar es Salaam kuona lori la mwisho la oda kubwa likitoka. Wanunuzi wa oda ile walikuwa wakali, na maneno yalikuwa yamezagaa kwamba tukichelewa tena kazi itahamishiwa Dar. Bwana Elia alikuwa hali wala halali. Cheni bloku ya kituo cha mwisho ilikuwa imeanza kukohoa, inatoa mlio mkavu kila inapovutwa, na nyingine ilikuwa kituo cha injini, kuihamisha ni kazi ya nusu siku. Bwana Elia alijua. Alisema, "Leo tu," kisha akaenda getini kumpokea tajiri, akitembea haraka bila kutazama nyuma.

Kebini ilipandishwa. Ikashushwa nusu. Bolti moja ikagoma. Fundi Akwilini akachukua nondo yake.

"Mmakonde," nikamwambia, "unakwenda wapi?"

"Ntani, tajiri kafika."

"Lete magogo kwanza. Au unataka nile chakula chako mpaka Krismasi?"

Hakucheka. Aligeuka na kuniangalia kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake. "Zaituni, leo siyo utani. Hawa vijana wana watoto. Kazi ikihamishwa watakula nini?" Akainama kuelekea chini ya kebini, na cheni ikakohoa.

Niliogopa. Silaha yangu ilikuwa moja tu, na alikuwa ameikataa kwa haki, kwa sababu hata utani una wakati wake wa kunyamaza. Nikawaza, upesi kuliko nilivyowahi kuwaza maishani, ni wakati gani ambapo utani haukataliwi na mtu yeyote. Nikaupata.

Nilikuwa na kitambaa cheupe cha viti, jora zima. Nikalikunjua, nikalitandaza sakafuni mbali na kebini, nikakaa kando yake na kupiga yowe. "Akwilini wangu ee," nikalia, "ametutoka Akwilini, mla panya wa Newala, nani atatuimbia sasa?"

Mnajua kwetu msibani. Watani ndio wanaotawala. Wanamwigiza marehemu, wanazuia jeneza, wanalala kaburini wakidai chao, na hakuna mfiwa wa kuwafukuza. Hamisi alielewa kabla ya wote. Alitoa futi yake mfukoni, akaenda akamshika Fundi bega na kumpima urefu kichwa hadi kisigino. "Mfupi," akatangaza, "mbao hazitapotea." Mama Somoe akaacha ming'oko yake getini, akaingia akilia kilio cha kitaalamu, na wanawake wa usafi wakamfuata. Mchomeleaji akavaa kofia ya Fundi, akashika kiuno, akatembea kama yeye, akisema, "Cheni hii naijua mie, imenilea, hainikatikii."

"Acheni upuuzi," akasema Fundi Akwilini.

"Maiti hasemi," tukamjibu wote.

"Nawaambia kazi inasimama."

"Maiti hasemi."

Akataka kurudi chini ya kebini, akakuta waombolezaji wamejaa mbele yake, na kumsukuma mfiwa ni jambo ambalo mzee wa heshima hawezi. Akabaki amesimama na nondo yake. Machozi yangu, kama mnataka kujua, kufikia hapo yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, na nilikuwa nikimlilia mtu aliye hai, aliyesimama mbele yangu amekasirika.

Hapo ndipo tajiri alipoingia, na Bwana Elia nyuma yake. Alikuta kiwanda chake kizima kiko chini, wanawake wanalia, sanda imetandazwa, kazi imesimama. Akavua baraghashia. "Inna lillahi," akasema polepole. "Poleni sana. Ni nani?"

"Ni huyu, mzee," akasema Hamisi, akimwonyesha Fundi Akwilini.

Tajiri alimtazama Fundi kwa muda. Akaona hakuna la kufanya isipokuwa la adabu, akampa mkono. "Pole sana, Fundi."

"Asante, mzee," akajibu Fundi.

"Maiti hasemi," tukasema.

Tajiri akamgeukia Bwana Elia. "Na lori?"

Nilimwona Bwana Elia akiangalia kebini, kisha cheni, kisha kile kitambaa cheupe, kisha mimi. Sijui alipitiwa na nini kichwani. Alikuwa mtu wa ripoti, hakuwahi kusema uongo hata wa kumridhisha mtoto. "Mzee," akasema, "kama unavyoona, tuna msiba. Lori litatoka kesho."

Katika nchi hii hakuna tajiri anayeweza kubishana na msiba. Akatikisa kichwa, akasema bila shaka, bila shaka, akawaagizia wafiwa soda. Wanunuzi nao walipopigiwa simu wakaambiwa ni msiba, wakatuma rambirambi. Mpaka leo sijui kama walikuja kujua.

Bega la Fundi Akwilini lilikuwa limeanza kutikisika. Akajaribu kulizuia, likamshinda. Nondo ikamponyoka, akakaa chini juu ya sanda yake mwenyewe, akacheka mpaka akashika mbavu, na banda zima likacheka naye, na tajiri akacheka bila kujua anacheka nini. "Haya," Fundi akasema alipopata pumzi, "semeni. Maiti atoe nini ili afufuke?"

"Magogo," nikasema. "Na cheni ishuke leo ikaguliwe. Na buti, kila siku, siyo za ukaguzi."

"Wayao mna tamaa," akasema. Akaenda mwenyewe kubeba gogo la kwanza.

Tulipanga magogo. Nikashika cheni. "Chini kuna mtu?" Mikono ikapanda, wote wakajibu, tajiri naye kwa kuiga. Maiti akajibu mwisho, kwa kuvuta kama kawaida yake.

Mngependa niandike kwamba cheni ilikatika palepale. Haikukatika. Kebini ilishuka taratibu ikakaa juu ya magogo. Jioni Fundi Akwilini aliifungua cheni, akaiosha kwa dizeli, akaipitisha pingili kwa pingili katikati ya vidole kama anavyosali rozari. Pingili moja ilikuwa imefunguka, mdomo wake unapitisha ukucha. Hakuniita. Niliona tu kwamba ameacha kutembeza vidole, amekaa nayo mkononi. Nikaenda nikakaa kando yake. Akaniwekea ile pingili kiganjani, akasema, "Ntani, siku ukinizika kweli, unizike hivihivi." Nikamwambia hilo halina shida, nimeshafanya mazoezi. Asubuhi alikuja na buti, na kabla ya wiki kwisha hapakuwa na kandambili hata moja kwenye laini.

Alistaafu akiwa na vidole vyote, na macho yote, na mgongo unaouma kwa haki kabisa. Alirudi kwao Newala kwenye mikorosho yake. Kila msimu wa mabibo alinitumia salamu kwamba uraka, pombe ya mabibo hayo, umeiva, na kwamba anajua siruhusiwi kuunywa, ndiyo maana ananikaribisha. Alifariki usingizini, nyumbani, mkewe akiwa kando yake, mwaka mmoja kabla mimi sijastaafu.

Tulikwenda kiwanda kizima kwa lori, moja ya yale aliyoyaunga yeye. Kwetu Waislamu wanawake hatufiki makaburini, lakini mazishi yalikuwa ya Kikristo, na hata yasingekuwa, nilikuwa na ahadi. Padri aliponiona naingia mbele na kuzuia jeneza alirudi nyuma hatua moja na kufunga kitabu chake. Alikuwa mtu wa kusini, alijua. Nikakagua kamba zote za kulishushia. Moja ilikuwa imelika katikati. "Hii haimshushi Fundi Akwilini," nikasema, na watu wakaanza kucheka katikati ya kilio. Hamisi akachechemea hadi kwenye lori, akaleta kamba ya turubai, mpya, niliyoipachika kwenye turubai kwa mkono wangu.

Nikasimama ukingoni. "Chini kuna mtu?"

Mpwa wake aliyekuwa kaburini akisawazisha udongo alishtuka, akapanda juu, akaonyeshwa namna ya kunyanyua mikono. "Niko juu," akasema. Bwana Elia, mvi tupu sasa, akanyanyua yake na kujibu. Hamisi akajibu. Mchomeleaji, Mama Somoe, ninyi vijana mliokuja na sisi, mikono ikapanda pande zote za kaburi, kila mtu akajijibia mwenyewe.

Kisha tukanyamaza wote kwa mazoea, kwa sababu miaka yote ile mwisho alikuwa akijibu Fundi, na cheni haikuguswa kabla yake. Nikamsubiri. Nilisimama na mikono juu nikamsubiri, hadi Hamisi akanigusa bega.

"Shusheni," nikasema, "taratibu."